Kapiteni wa Sayari ya Mashimo

Baraka, tarehe 6 Agosti 2023

Yaya Fabien,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kaka yangu mukubwa. Mwili iko nguvu? Kile kikohozi cha vumbi kilipona? Sisi huku tuko wazima. Mama anauliza kama unakula bugali ya kweli ao mikate tu ya njiani. Magoti yanamuuma kidogo, lakini sokoni anaenda kila siku na visamaki vyake vya ndagala.

Barua hii nampa Isidore, ule motari wa pikipiki wa karibu na kanisa, sababu telefone yako kule juu kwa mashimo ya zahabu haipate rezo ya simu.

Yaya, unakumbuka Bastelano? Wale batu bane ba plastike, na kofia za kwenda kwa nyota, wenye Baba alituletea kutoka Kigoma ndani ya mufuko wa karanga. Chini ya miguu yao iliandikwa STELANO, na mumoja hakukuwa na mukono. Mi nilikuwa na miaka sita, we kumi na mbili. Kila jioni ulikuwaka unanisimulia fasi gani ya mbinguni chombo chao cha kuruka kilifika. Mwaka 2021 ziwa lilipoingia kwa nyumba, sanduku lao lilienda na maji.

Basi, nimeanza kubachora. Nachora na kalamu ya biki kwa karatasi, Itangishaka, rafiki yangu wa Lusenda, anapiga picha na telefone yake, tunaweka kwa Facebook, ukurasa mumoja kila Jumamosi. Tumefika ukurasa wa tano. Batu ba Uvira na Kalemie wanaandika chini: endelea.

Nakutumia zote tano. Nina swali moja tu. Kofia ya Lumo, ule fundi, ilikuwa rangi gani? Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma.

Mudogo wako,
Pulchérie


Misisi, tarehe 20 Agosti 2023

Mudogo wangu,

Nimepata barua na karatasi. Isidore alizifunga ndani ya mufuko wa plastike, hazikulowana. Kikohozi kinaenda na kurudi. Umuambie Mama nakula bugali, na mafuta ya kupaka magoti nitamutafutia.

Kofia ya Lumo ilikuwa nyeupe. Kama kwa kichwa chako unaiona ya manjano, ni sababu mi niliipaka na rangi ya mutumbwi wa Baba, na nikachapwa. We uchore manjano.

Na kitu kingine. Kapiteni wa chombo hasemi sana. Wewe umemupa maneno mengi kwa ukurasa wa pili. Kapiteni alikuwaka anasema neno moja, kisha anatazama nje.

Ndani ya hema yetu iko muzee mumoja, Alphonse, tunachimba naye. Kusoma hajui. Nilimusomea kurasa zote, akaniomba nirudilie. Halafu akaniuliza, "Huyu mwenye kuchora ni nani kwako?" Nikasema ni mudogo wangu. Siku ile nilifanya kazi bila kusikia uchovu.

Utume zingine.

Yaya yako,
Fabien


Baraka, tarehe 3 Desemba 2023

Yaya wangu,

Uko salama? Mvua imeanza nguvu huku, kule nafikiri ni zaidi. Mama alipokea mafuta, anajipaka asubuhi na jioni, anasema yananuka lakini yanasaidia.

Yaya, batu elfu nne wanafuata Bastelano. Elfu nne! Mwalimu mumoja wa Bujumbura anasomea batoto ba darasa lake. Kuna nyumba ya vijana kule Bukavu yenye inataka kutoa kurasa zote kama kitabu. Itangishaka alilia aliposoma ile ujumbe, mi nilikuwa nasonga bugali, nikaacha ikaungua.

Kurasa za sita mpaka tisa ulishapata; sasa nakutumia wa kumi mpaka wa ishirini na mbili. Hapa hadithi inageuka. Kapiteni anashuka kwa sayari ya mashimo, anawaambia wenzake wamungoje siku tatu, na hapandi tena. Wenzake wanabaki ndani ya chombo, wanatazama dirisha. Batu walipenda sana hii sehemu.

Mudogo wako,
Pulchérie


Misisi, tarehe 11 Desemba 2023

Pulchérie,

Salimia Mama.

Nilikuwa namusomea Alphonse kwa sauti. Kwa ukurasa wa kumi na tatu nilikunja karatasi. Akasema, "Endelea." Nikamuambia biki imefutika, haisomeke.

Mi si mujinga. Siku tatu za kapiteni ni miezi yangu mitatu. Niliondoka Baba akiwa amezikwa na nyumba iko ndani ya maji, nikasema miezi mitatu, sasa ni mwaka wa tatu. Lakini unafikiri niko huku juu nimesahau kwetu? Nilikuja kutafuta bati na misumari ya kujenga. Kila mara nafikiri wiki hii nitashuka, natazama mikono yangu, hakuna kitu ndani. Nitaingia kwa Mama namna gani?

Ile hadithi nilikutungia mi ukiwa mutoto. Umeichukua bila kuniuliza, umeitumia kunisema mbele ya batu elfu nne.

Usitume tena.

Fabien


Baraka, tarehe 15 Desemba 2023

Yaya,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwa mulango, Isidore bado hajazima piki. Anangoja, kwa hiyo naandika mbio.

Unisamehe. Nilipaswa kukuuliza, na sikukuuliza juu nilijua utakataa. Lakini nitakuambia kweli yote. Nilipochora zile kurasa sikufikiri batu elfu nne. Nilifikiri siku ile Mama alikuwa na malaria, nikamubeba mi na Itangishaka mpaka kwa santé, kwa daktari, na njiani alikuwa anaita jina lako. Nilikuwa na kasirani na we. Kukuandikia vile nilishindwa, nikachora.

Bati hatuna, lakini tunalala pakavu, tunapanga chumba kwa mama Rosette. Hakuna mutu hapa mwenye anatazama mikono yako.

Kama kapiteni hakuwaacha, basi andika we mwenyewe kitu gani kilimupata. Nitachora vile utasema, bila kubadilisha.

Mudogo wako,
Pulchérie


Baraka, tarehe 18 Februari 2024

Yaya Fabien,

Nakusalimia, na naomba Mungu barua hii ikukute. Ni ya tatu tangu Noeli. Mbili za kwanza Isidore alizirudisha, barabara ilikatika, nimezifunga pamoja na hii. Juzi alifika mpaka kwenu, akakuta hema lenu tupu. Batu wakamuambia shimo moja lilianguka mwezi wa kwanza, na hawajui majina ya wale wenye walikuwa ndani. Mama sijamuambia. Ananiuliza kwa nini siimbe tena.

Kuna habari ingine, sasa naiona ndogo. Wenyewe Bastelano, ile kampuni yenye inatengeneza, walituandikia. Waliandika kwa adabu. Wanasema wanafurahi tunawapenda, lakini jina na sura ni vyao, hatuna ruhusa ya kutoa kitabu. Itangishaka anasema tubishane. Mi sina nguvu. Ni Jumamosi ya tano sijaweka kitu.

Yaya, jibu hata neno moja. Kama bado umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Pulchérie wako


Misisi, tarehe 30 Machi 2024

Mudogo wangu mupenzi,

Niko. Nilikuwa santé ya huku, mguu ulivunjika, sasa unashikana. Nimepata barua zako zote tatu kwa siku moja. Unisamehe ile hofu.

Shimo liliangukia mulango, si sisi, jiwe moja tu ndilo lilinipiga mguu. Tulikuwa ndani batatu, mi, Alphonse na mutu mumoja wa Makobola. Tulikaa siku moja na nusu. Tochi ilikufa mapema. Alphonse alianza kupumua vibaya, nikamushika mukono, nikamuambia nitakumalizia ile hadithi. Akasema, "Ulinidanganya, biki haikufutika." Nikasema ndiyo.

Nikamusimulia. Kapiteni alishuka, udongo ukamufungia, na redio yake haikufika juu. Kila siku alikuwa anawaita wenzake kwa majina, na wao wanafikiri amenyamaza. Lumo ndiye alichoka kungoja, akashuka na kamba. Niliposema vile tulisikia masururu ya wenzetu juu yetu. Tulitolewa wote batatu; Alphonse ni muzima, anakusalimia.

Nimekuandikia kurasa kumi na mbili, ziko ndani ya bahasha. Neno la kapiteni ni moja kila ukurasa.

Kuhusu wale wenye kampuni, uwarudishie jina lao na kofia zao. Wao walitengeneza plastike. Lumo alipata roho yake kwa baraza yetu, kwa mudomo wangu na maswali yako. Uchore batu wapya, bafanane na batu ba huku, na kitabu kitoke. Lumo awe mwanamuke, awe na sura yako. Majina tutayatafuta pamoja.

Nimeacha shimo. Isidore amekubali kunibeba Jumanne, polepole sababu ya mguu. Nakuja bila bati, bila musumari hata mumoja.

Usimuambie Mama siku. Nataka nifike tu mulangoni, nibishe hodi.

Yaya yako,
Fabien