Ruhusa ya Upepo

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi kama mvua. Hujambo huko? Kifua kimepona au bado unakohoa kama trekta? Sisi hatujambo, ni haya magoti yangu tu hayasikii dawa. Anayeniandikia ni jirani yetu mshonaji. Nimemwambia aandike kila ninalosema, mkasi wake uishie kwenye vitambaa.

Umeshasikia mke wa mdogo wako amejifungua mtoto wa kike. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo hii, kaa chini kwanza.

Lile gari ulilomwachia mdogo wako abebee abiria, ulimwachia na masharti. Ulisema matairi umejaza naitrojeni, ndiyo maana yana vile vifuniko vya kijani, na siku atakayotia upepo wa kawaida, funguo zirudi siku hiyo hiyo. Basi mwenzio, tangu akuunguzie injini ya pikipiki, akisikia unatajwa anakaa wima kama yuko darasani. Vifuniko vile alikuwa anavipangusa kwa kitambaa cha miwani yangu! Lakini kupima, hapimi. Miezi minne. Ukimuuliza, anasema naitrojeni haipungui, kaka alisema.

Siku hiyo, jua la saa sita, mkwe wangu anaanika nguo, uchungu ukamshika wiki tatu kabla ya siku zake. Niliona maji chini nikadhani kamwaga ndoo, kumbe chupa imepasuka. Tunatoka mlangoni, tairi la nyuma limelala, limekunjamana kama soksi. La akiba nalo limelala kuliko hilo, maana nalo lilikuwa la naitrojeni, nani alipime? Wenye magari wote mtaani wako kazini. Tukapigia gari la hospitali, wakasema limetoka, tusubiri. Tusubiri nini?

Mama Jeki, yule mwanamke wa kuziba pancha pale kona, akaja mbio anakokota mashine yake ya upepo. Mdogo wako akasimama mbele ya tairi, mikono ameitanua kama golikipa. Akasema naitrojeni iko mjini tu, atalivua tairi alipeleke kwa pikipiki ya kukodi, yeye haharibu mali ya kaka. Mama Jeki akacheka kwa hasira. Akamwambia huu upepo tunaovuta puani, karibu mafungu manne kati ya matano ni naitrojeni hiyo hiyo, kuchanganya hakuharibu kitu. Akasema ni kweli ile ya mjini inapungua polepole kidogo na haina unyevu, lakini kwa gari la sokoni na kurudi hakuna kinachoshinda kupima, na msumari hauulizi umejaza nini. Akamwonyesha msumari wenyewe, umezama kwenye mpira.

Mimi na shule yangu ya jikoni nilielewa. Yeye wapi! Jasho linamchuruzika, mkewe ameng'ang'ania mlango wa gari, ameuma mkono wa gauni asipige kelele. Wala haukuwa ujeuri, mwanangu. Alikuwa anakuogopa. Alikuwa anasema kaka atachukua gari lake, huyo mtoto nitamlisha nini. Tukakupigia mara tano, hupatikani, uko chini huko mgodini.

Nikachukua simu, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nilipotoka nikamwambia ruhusa imetoka, ajaze. Hakuuliza mara mbili. Mama Jeki akauacha msumari palepale uzibe tundu, akajaza, akasema upepo huo utawafikisha.

Ukatufikisha. Mtoto alitokea kwenye korido ya hospitali, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi yake kama wino. Halii. Mkunga akakifungua, akamsugua mgongo, akamsugua, akamsugua. Ndipo akalia. Mkunga akasema mngezubaa nusu saa nyingine tungekuwa tunaongea mengine.

Najua unajiuliza, ruhusa gani hiyo. Hukutoa, mwanangu. Kule chumbani simu ilikuwa kimya mkononi, mimi naongea na ukuta, kwa sauti, ili nje asikie. Nikakuita mwanangu, nikakushukuru. Hata nilinyamaza kidogo, eti unajibu. Halafu nikatoka nikamwambia umesema roho ya mtu kwanza, tairi baadaye. Nimekusingizia, kwa umri huu.

Kukiri tu kungekuwa rahisi, ila kuna la pili. Mdogo wako amebadilika. Maneno yale anayarudia kwa kila abiria, anasema ndivyo kaka alivyoniambia. Anatembea mabega juu. Upepo anapima kila Jumatatu, na mtu akimtania habari za pikipiki anacheka, hainamishi kichwa tena.

Ukija mwezi ujao atakushika mkono akushukuru mbele ya watu. Mimi nitakuwa natazama uso wako. Nakuomba, usimuulize ruhusa ipi, wala usinigeukie mimi. Mwitikie tu. Kama ungepatikana siku ile ukayasema maneno yale, basi mama yako hakudanganya. Na kama usingeyasema, mwanangu, usiniambie.

Mkwe wangu anakusalimu, mtoto ananyonya kama anadaiwa. Mshonaji anakusalimu pia, anasema vidole vimekufa ganzi, na ameapa hili halitoki kwake. Jifunike vizuri kifua.

Ni mimi mama yako, niliyekusemea bila kutumwa. Dole gumba langu hilo hapo chini.