Kaseti ya Bi Zuwena

Ibra, Alkhamisi, baada ya Isha

Situlii. Besiboli nimeiacha ikiendelea kwenye televisheni. Siku zote wananichekesha wale: mtu anapiga mpira, anakimbia mbio zote zile, na akirudi pale pale alipoanzia anashangiliwa. Leo hata sikucheka.

Jazi imeniponza. Juzi redio ilipiga tarumbeta tamu, nikachopoa kaseti ya kwanza iliyokuwa karibu, nikarekodi. Haraka zangu hizi! Kumbe ni barua ya sauti ya Bi Zuwena, mdogo wake mama, aliyotutumia kutoka Unguja mwaka ule aliofariki.

Mama ameniuliza tukila, "Mwanangu, kaseti ya Zuwena umeiona?"

"Sijaiona, mama."

Uwongo, na tonge mdomoni.

Nimeisikiliza sasa hivi mpaka mwisho. Tarumbeta, tarumbeta, halafu ghafla sauti yake: "Haya, kaseti yenyewe inakwisha. Nijibuni basi, jamani."

Hatukumjibu. Kaseti tupu ya kumjibia, mama alinunua akanipa mimi nirekodi salamu za nyumba nzima.

Ile nayo niliijaza jazi.