Maswali Yaliyopanda Mgeta

Mazimbu, 9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umetulia. Mimi mzima, masomo ya chuo yanaenda. Barua hii nampa dereva wa lori la kabichi, maana nikikupigia mtandao wa huko milimani unakatika katikati ya neno, na hili linahitaji nafasi.

Nimejiunga na darasa moja la Jumamosi, nyuma ya stendi ya Msamvu. Si dhehebu, usiogope. Anayeliongoza ni Mwalimu Stefano, mtu mpole, hapigi kelele kama wahubiri wa sokoni. Yeye huuliza tu. Wiki hii ametuuliza: unaamini unachoamini kwa sababu umekichunguza, au kwa sababu ulizaliwa ulipozaliwa? Hafidha, mwenzangu wa chumbani, amezaliwa kwa Waislamu wa hapa mjini, naye anaamini kwa moyo wote kama sisi.

Wewe ni katekista mwaka wa ishirini na mbili huu. Ungejibuje?

Mwanao,
Skola

Mgeta, 17 Machi 2024

Mwanangu Scholastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imekuja bila salamu hiyo; nimeiweka mimi, uitikie hukohuko. Huku hatujambo. Karoti zimekubali, ila njegere mvua imezionea.

Swali lako nimelipenda. Leo baada ya ibada nimewauliza hata watoto wa kipaimara, Benedikto, mwenyekiti wa kigango chetu, akaniangalia kana kwamba nimekunywa pombe. Jibu langu ni hili: wewe nilikupata kwa kuzaliwa. Sikukuchunguza, wala sikukuchagua kwenye rundo. Je, kwa hiyo nakupenda kwa kubahatisha?

Huyo Hafidha msalimie sana. Na huyo mwalimu, mbali na kuuliza, yeye mwenyewe hujibu? Mwulize.

Baba yako,
Gervas

Mazimbu, 6 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na kazi za Pasaka. Sisi tuko salama.

Barua yako nilimpa Mwalimu Stefano aisome, natumaini hutachukia. Amesema una akili sana, na kwamba mtu mwenye akili hujificha nyuma ya mfano mzuri. Kuhusu yeye kujibu, alicheka, akasema hana cha kutetea.

Basi nakuuliza bila mfano. Mama alipolazwa mjini ulisali novena, siku tisa, na kigango kizima kikasali nawe. Hakupona. Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya watu ukawaambia waombe, watapewa. Uliamini, au ulikuwa unafanya kazi yako?

Siulizi ili nikuumize. Nataka tu uwe mkweli na nafsi yako.

Mwanao,
Skola

Mgeta, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwilini sijambo. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena.

Sijawahi kumwambia mtu haya. Siku ya tisa sikusali. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, rozari mfukoni, nikakataa kuitoa. Nilikuwa na hasira. Nesi alipokuja kuniita, mama yako alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo nina mawazo mawili yasiyopatana. La kwanza, kwamba ningeimaliza novena siku ile, angepona. La pili, kwamba hata ningeimaliza, kusingekuwa na tofauti. Nilikuwa nimeyafungia. Swali lako limeyafungulia yote, na sijui lipi ni dhambi zaidi.

Jumapili iliyopita padre hakuweza kupanda, barabara imekatika. Nikasimama kuongoza ibada. Tulipofika kwenye kanuni ya imani, nikalisema lile neno la kwanza, Nasadiki, la pili likagoma. Watu walidhani naumwa. Benedikto akamalizia. Kesho yake nikashuka kwa miguu hadi parokiani, nikamkabidhi padre ufunguo wa kanisa. Akaniuliza, "Gervas, nani amekuvuruga?" Nikasema, "Mwanangu." Kisha nikaona si haki, nikasema sijui.

Ulitaka niwe mkweli. Haya, nimekuwa. Kinachofuata ni nini? Mwalimu wenu anafundisha na hilo?

Baba yako,
Gervas

Mazimbu, 16 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Salamu hiyo nimeiandika, ingawa sijui kama nina haki nayo.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimpelekea Stefano barua yako. Nilikuwa nalia, nilitaka anisaidie nikujibu nini. Akaisoma mbele ya darasa zima, watu kama arobaini. Benchi, rozari, nesi, kila kitu. Akamaliza akasema, "Mnaona? Miaka ishirini na mbili imeanguka kwa maswali mawili." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele, baba, nikapiga pia. Mikono ilikwenda yenyewe.

Nilipomfuata anirudishie barua, daftari lake lilikuwa wazi mezani. Majina yetu yote yamo. Kwenye langu ameandika: "Skola. Baba katekista, mjane. Kidonda: kifo cha mama. Msifu baba kwanza, kisha uliza hapohapo. Baba akivunjika, binti hana pa kurudi, atabaki kwetu." Lile swali la mama halina neno langu hata moja. Yeye alisema, mimi nikaandika. Muda wote huo nilijiona nafikiri!

Nimetoka kwenye darasa hilo, na barua yako ninayo. Wenzangu wa darasani wananipigia simu, wengine wananisubiri getini, kwa hiyo Hafidha ananisindikiza kila niendako.

Baba, lifute swali lile. Halikuwa langu. Kachukue ufunguo, urudi kanisani, nakuomba kwa magoti. Lakini nisikudanganye tena: lile la kwanza, la kuzaliwa, bado limo kichwani na sijui jibu lake. Sijui hata kama ni langu.

Mwanao asiyejielewa,
Skola

Mgeta, 30 Juni 2024

Skola mwanangu,

Hujambo? Unakula? Mwambie Hafidha Mungu ambariki. Neno hilo limetoka lenyewe, nimeliacha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikitafuta mistari uliyoandika wewe. Kusomwa kwa ile yangu mbele ya watu kuliniuma. Nilipalilia matuta matatu bila kuona ninachong'oa, nikang'oa na karoti.

Unasema nilifute swali. Halifutiki. Muulizaji alikuwa Stefano, lakini kilichoitikia humu ndani kilikuwa changu. Na sasa unanisihi nirudi. Juzi ulinisukuma, leo unanivuta, na mwandiko ni uleule.

Jumanne mzee Andrea alifariki. Mjane wake akaja, akasema, "Katekista, padre yuko mbali. Mzike mwenzangu." Nikamwambia mimi si katekista tena, moyo wangu hauko sawa. Akanijibu, "Sikuulizi moyo wako. Nakuuliza kama maneno unayajua." Nikaenda. Nikayasema yote pale kaburini, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Yule mama akalia, kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Na mimi nikalia. Sijui kama nilisali au niliigiza. Wala sijui kama Mungu, ikiwa anasikia, huyatenga hayo mawili.

Ufunguo bado uko kwa padre. Kurudi sikatai, wala siahidi.

Sasa usiniandikie tena, na si kwa hasira. Kwenye karatasi sikutambui. Kila mstari najiuliza nani ameushika mkono wako. Chuo kikifungwa, njoo. Tutakaa jikoni, useme lolote, hata kama ni kwamba huamini kitu. Nikuone uso unavyosema.

Baba yako,
Gervas