Vumbi la Mheshimiwa

3 Machi

Kwa bibi yangu, mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe pamoja na mume wetu. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka. Umesema simu inakuwasha sikio na hutaki kupigiwa makelele, basi naandika kama ulivyoagiza.

Mliposhangilia leseni yangu mlidhani nimeshaanza kuruka. Nami nilidhani hivyohivyo. Bibi, hapa kwenye kampuni rubani mpya ni mtu wa kuosha. Asubuhi naosha vioo na kufuta masizi mkiani, mchana nabeba mabegi, jioni naosha matapishi. Usicheke. Kila kiti kina mfuko wa kutapikia mbele ya magoti, lakini mtu mkubwa haoni haya kutapika, anaona haya kushika mfuko. Anatapika kando, kwenye ule mfereji mwembamba wa reli ya kiti ambao kitambaa hakiingii. Nimenunua mswaki kwa ajili hiyo. Juzi nilichokoa kipande cha nyama kizima, hakijaguswa na jino. Mtu ana haraka gani kiasi hicho?

Kazi nyingine ni kupima abiria. Helikopta haidanganywi uzito, kila mtu lazima apande mizani kabla ya kuruka. Wakubwa hawataki. Wananitajia kilo walizokuwa nazo siku ya harusi zao. Mkuu wa marubani amenifundisha niitikie kwa tabasamu, halafu niongeze kilo kimyakimya kwenye hesabu yangu.

Hii ndiyo kazi niliyoililia tangu shule. Lakini mara mojamoja mkuu huniweka kiti cha kushoto, tukishapaa ananiachia usukani, na hapo nasahau mswaki, nasahau hata njaa. Ninachotaka ni kiti cha kulia, cha rubani mwenye chombo. Nikikipata sitaosha tena uchafu wa mtu.

Msalimie mume wetu, umwambie asikupe vyote, aniachie na mimi.

Mke mwenzako mdogo


19 Machi

Kwa mke mwenzangu mdogo, mwizi wa mume,

Marahaba. Sisi hatujambo, magoti ndiyo yanalalamika, na cherehani nayo imeanza kuniiga. Barua yako niliisoma wakati wa chakula. Kosa langu. Sahani nikaisukuma kando.

Mume wetu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akanilazimisha nirudie pale pa mswaki. Kila mteja akija kupimwa nguo anaonyeshwa picha yako na yale magwanda. Mzee aliendesha greda maisha yake yote, akachonga barabara ambazo wengine walikatia utepe, sasa anaona wewe umemlipia deni hilo. Jana alimwambia mwenye duka eti mjukuu wake akigeuza kichwa, upepo unamfuata. Nikamwambia anyamaze, mwenye duka ana kazi.

Mimi chombo chenu sikipendi, unajua. Kitu hakina mabawa, kinapaa kwa ubishi tu. Lakini matapishi si aibu yako. Nimepunguza kiuno suruali za wanaume wasiojua sabuni na sikufa. Aibu abaki nayo aliyetapika. Wewe angalia tu usizoee kila kitu, maana pua ikishazoea haikuambii tena pananuka.

Kula vizuri. Picha yako ya mwisho shingo imekuwa nyembamba.

Bibi yako, mke mkubwa


30 Aprili

Kwa mke mkubwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kikohozi cha babu kimepungua? Mimi nina habari ya kukurusha kwenye kiti: kiti cha kulia ni changu! Rubani aliyekuwa nacho aliacha kazi ghafla, akasema tumbo linamsumbua. Niko kwenye majaribio. Bosi amenionya kwamba mteja akilalamika mara moja, narudi kwenye mswaki.

Mteja mwenyewe ni Mheshimiwa mmoja anayetafuta kura. Nilitaka kukuandikia furaha tupu, lakini nikiandika furaha tupu nitakuwa nakudanganya. Mtu huyu ananitia kinyaa. Anavua viatu, anaweka miguu juu ya kiti cha mbele, karibu na bega langu. Anachokonoa meno, anatema chini anapokaa. Kila Jumamosi anazunguka misibani kwa watu asiowajua. Ana msaidizi wake wa kumtafutia matangazo ya vifo, wanachagua kama watu wanaochagua nyanya sokoni: huyu ana ukoo mkubwa, twende, huyu hana watu, acha.

Na hapendi kutua mbali. Anataka watu wainue nyuso. Jumamosi iliyopita nilitua karibu na nyumba yenye msiba, turubai likapiga kelele kama linataka kuondoka. Mama mmoja alishika kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili, akanitazama. Nikajifanya nasoma mita zangu.

Uchaguzi hauko mbali. Unadhani nimeze hadi lini?

Mke mdogo


21 Mei

Kwa mke mdogo,

Marahaba. Hongera ya kiti, babu yako ametangaza mtaa mzima. Salamu zake ni nyingi ila sauti ni ndogo. Kikohozi kimeshuka kifuani. Anaomba supu, nikiileta anakunywa vijiko viwili anasema ameshiba. Daktari ametoa dawa, ila anapoongea nami ananitazama mabega, hanitazami macho.

Kuhusu huyo Mheshimiwa wako: hata fisi ana adabu, husubiri watu waondoke kwanza. Nimechefukwa na msaidizi wake kuliko yeye mwenyewe, maana yeye ana tamaa, msaidizi ana nini?

Umeniuliza umeze hadi lini. Hukuniuliza kama umeze. Nimeliona hilo, nawe ulione.

Mume wetu anauliza utakuja lini. Njoo mapema, mama.

Bibi


9 Juni

Bibi yangu,

Pole. Pole sana, mke mwenzangu. Baba mdogo alinipigia asubuhi nikiwa bandani, nikakaa chini sakafuni kwenye mafuta. Sijui hata naandika nini. Umelala? Umekula chochote?

Niliomba ruhusa. Bosi akasema Jumamosi ni ya Mheshimiwa, na rubani wake ni mimi peke yangu. Nikatoka ofisini kwake nikijiambia basi, naacha. Halafu mchana msaidizi akaleta ratiba, na msiba wa kwanza ni wetu. Kata yetu ina kura anazozitaka. Bibi, nitakuambia ukweli hata kama ni mbaya: nilifurahi. Niliona nimepata njia ya kuja.

Usiwe na wasiwasi. Nitatua uwanja wa shule, ng'ambo ya kijito, vumbi halitafika. Yeye atatembea kama watu wengine, nami nitaomba mtu alinde chombo, nije. Nitasimama karibu nawe tukimzika. Nakuahidi.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, akufikishie kabla ya Jumamosi.

Mjukuu wako


20 Juni

Kwa rubani,

Mimi ni mzima. Nyumba ni nzima, isipokuwa bati moja la jikoni.

Naandika kwa sababu baba yako mdogo anasema huenda kule juu hukuona. Basi nikuonyeshe.

Tulikuwa tumefungua jeneza watu wamuage. Mimi nilikuwa kichwani, nimeshika ukingo. Tukasikia mlio wako. Watoto wakakimbilia kijito wakisema rubani wetu anakuja, anatua shule. Nami nilisema hivyo, niliwaambia watu kwa mdomo wangu, mjukuu wangu ameniandikia. Ukazunguka mara moja. Halafu ukaja kwetu, ukatua kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba.

Turubai liling'oka na nguzo zake, likamwangukia mpiga picha. Viti vilitembea. Kina mama walishika nguo zao, wengine hawakuwahi. Udongo mwekundu wote uliochimbwa kaburini, ule mkavu wa juu, ulisimama kama ukuta ukaja kwetu. Nilimlalia kumkinga. Nilichelewa. Nilipoinuka alikuwa na udongo kwenye kope, kwenye masikio, mdomoni. Mume wangu nilimwogesha mwenyewe asubuhi ile, nikamkata na kucha. Nikamfuta kwa mtandio, udongo ukazidi kupaka, maana mtandio ulikuwa na machozi. Tukamfunika akiwa mchafu.

Mheshimiwa wako akaja anajipangusa suti. Akaongea, akaongea. Alimwita babu yako mwalimu mashuhuri, babu yako ambaye hakuwahi kufundisha hata kuku. Watu walipiga makofi. Hilo nalo limenitia kinyaa, nisikufiche, ni majirani zangu.

Wewe ulisimama kule kwenye mahindi na miwani yako myeusi. Hukuja. Kisha mkaondoka kabla hatujamaliza kufukia, mkatupulizia tena.

Husemwa bendera hufuata upepo. Lakini wewe hukuwa bendera, mama. Upepo ulikuwa mikononi mwako. Mikono ile ilikuwa ya nani?

Nimeandika yote. Sina salamu.

Bibi


2 Julai

Bibi,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. 

Nilizunguka kwa sababu nilikuwa nabishana. Nilimwonyesha uwanja wa shule. Akasema hawezi kuvuka kijito kwa viatu vile. Nikamwambia ni babu yangu yule. Akasema, "Vizuri, basi unapajua." Akampigia bosi palepale, bosi akaniambia mteja akisema pale, ni pale. Mikono ilikuwa yangu. Nilijua turubai litang'oka, tumefundishwa, ni somo la mwanzo kabisa. Niliteremsha huku najua.

Sikuja kwa sababu rubani haruhusiwi kuacha chombo kwenye umati. Hiyo ndiyo sababu niliyoitumia. Ukweli ni kwamba nilikuona umemlalia, na miguu ikakataa.

Sasa nikila naonja udongo. Nimejichukia hadi kioo cha bafuni nimekigeuza. Naomba radhi, bibi. Naomba sana.

Mjukuu wako


11 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Baba mdogo ameniambia u mzima, na kwamba barua yangu iko chini ya cherehani haijafunguliwa. Una haki. Siandiki kuomba tena, naandika nikuambie tu.

Niliendelea kumrusha. Ndiyo, baada ya yote yale. Nilijiambia nikiacha watampata mwingine, kumbe nilikuwa nakitaka kiti. Jumamosi iliyopita tulienda kwenye mazishi ya fundi viatu mmoja. Nyumba iko mteremkoni, turubai liko mlangoni, na ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa mpira mtupu. Mheshimiwa akanyoosha kidole penye turubai. Nikashuka uwanjani.

"Nimesema kule," akasema.

"Kule wanazika, Mheshimiwa."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimetua hapa."

Akampigia bosi, bosi akaniambia maneno yaleyale. Nikazima injini. Mapanga yakazunguka, yakachoka, yakasimama. Mvua ilikuwa imenyesha, tope limejaa, naye ana viatu vyeupe. Alifungua mlango, akatazama tope, akaufunga. Akakaa mlemle ananitukana, mama yangu, wewe, ukoo mzima. Msaidizi akawa anatazama dirishani kama abiria wa basi. Nikatia ufunguo mfukoni, nikamwambia msaidizi asimruhusu mtu kukaribia mkia, nikaenda kwa miguu.

Hakuna aliyeinua uso. Walikuwa wanaimba. Nilipofika kaburini watu walinipisha, wakidhani mimi ni wa nyumbani. Nikachota udongo kwa mkono, nikautupa. Hapo ndipo nilipolia, bibi, kwa sauti, kama mwehu, juu ya mtu nisiyemjua. Binti wa marehemu akanishika kiuno. Akaniuliza, "Ulimfahamu vipi baba?" Nikamwambia nilichelewa. Akasema sote tumechelewa, akaendelea kunishika.

Nilimrudisha Mheshimiwa. Bosi alikuwa anasubiri uwanjani, akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nimefukuzwa. Amezipigia simu kampuni nyingine, na mkuu wa marubani ameniambia kwa huruma nisipoteze nauli kuzizungukia. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Mizigo yangu ni begi moja.

Hilo tu. Sijui niende wapi, ila halikuhusu.

Mjukuu wako


25 Agosti

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ndio umeanza vituko. Nimefungua barua zako zote mbili siku moja, hii mpya kwanza, kisha ile ya chini ya cherehani.

Usidhani udongo wa fundi viatu umekuwa udongo wa babu yako. Babu yako hukumtupia hata punje, na ile uliyompulizia amezikwa nayo. Jumapili nilikuta vumbi lile ndani ya sanduku la vitambaa, nikavifua vyote, nikiwa na hasira mpya kabisa.

Sijakusamehe. Baba yako mdogo amenisihi, watu wa ibada wamenisihi, nikajaribu kulitamka neno hilo mbele yao nikaona nasema uongo. Nikaacha. Lakini si lazima nikusamehe ndipo ulale kwangu. Eti halinihusu! Linamhusu nani sasa? Begi moja si mzigo. Njoo.

Usipite mlango wa mbele, wateja ni wengi na midomo yao ni mirefu kuliko hatua zao. Chumba cha nyuma nimekitoa magunia. Chakula kitakuwepo, na sitaongea sana, usiniulize nina nini.

Mvua zimelishusha kaburi upande wa miguuni, limetitia, na maji yanatuama. Linataka udongo, tena mwingi, na mimi siwezi kuinama. Nimewakataza wote wasiliguse. Koleo liko nyuma ya mlango.

Bibi yako