Moyo wa Mke Wangu Unaenda Mbio Mzee wa Kanisa Akiingia

Mpendwa Shangazi Bitutu, nisaidie kabla sijavunja nyumba yangu. Mimi ni fundi wa saa hapa Rongo na mke wangu Mellen ana kifafa ambacho kila mwaka kinazidi, mikono inamruka hata kikombe cha chai hakikai, na daktari alisema kifafa cha aina hii kinavuruga pia mishipa ya fahamu inayoendesha moyo na jasho bila mtu kuamuru, akaniagiza nimhesabie mapigo ya moyo, akilala na akisimama, nami kwa kuwa saa ndiyo kazi yangu nikahesabu kuliko nilivyoagizwa, nikiandika yote kwenye daftari, nikajipima mwenyewe, nikapima hata mbuzi. Nikagundua jambo. Mimi nikiingia, moyo wa Mellen ni sabini na sita. Mzee wa kanisa Monari akija kutuombea, ni mia na ishirini, na jasho juu. Mara sita, Shangazi, na saa yangu haidanganyi. Nilimuuliza, akacheka, akasema, "Wewe pima tu." Tangu Jumatatu nimemficha vidonge ili moyo useme ukweli bila dawa, na jana alianguka mara tatu, na kila akizinduka ananiuliza kama nimekula. Nimrudishe kwao, ama nimkabili Mzee Monari?
Osoro, Rongo

Osoro, sikungoja gazeti lichapishwe. Yule muuguzi aliyekuja kwako na kukukaripia mbele ya wateja nilimtuma mimi. Vidonge vya kifafa vikikatwa ghafla vinaweza kuua, na ungebaki mgane mwenye takwimu nzuri.

Sasa nijibu. Mzee wa kanisa akiingia nyumbani kwenu, mkeo anamsalimia akiwa ameketi? Thubutu. Anasimama kwa heshima, kama alivyofunzwa na mama yake. Wewe ukiingia, anasimama? Hasimami, wewe ni mwenye nyumba. Mishipa hiyo ikivurugika, mtu akisimama tu moyo humwenda mbio. Umepima kusimama, ndugu yangu, ukadhani ni mapenzi. Ndiyo sababu daktari alikwambia akilala na akisimama, lakini wewe ulisikia neno kuhesabu tu.

Mwombe Mzee Monari amsalimie Mellen akiwa ameketi, uhesabu tena. Hilo daftari mpelekee daktari, litamfaa kweli. Mbuzi mwache ale majani.

Na mtu uliyemwangusha mara tatu, akafumbua macho akauliza kama umekula, huyo humrudishi popote. Leo hii mwambie ulichomfanyia, umwombe msamaha. Mwambie akiwa ameketi.