Maji Pembeni mwa Figo Yako

Wadi ya upasuaji, kitanda cha tatu
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Siafu,

Salamu zikukute umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza, na hiyo miwani unayoitafuta nyumba nzima ishushe, iko kichwani. Hujambo? Shemeji hajambo, na goti lake linamruhusu kupanda ngazi? Kidonda chako cha ubavuni kimekauka, au bado kinakuvuta kila ukicheka? Nakuuliza habari za kucheka kwa sababu binti yangu ananiambia siku hizi umeacha kabisa, na hilo ndilo limenifanya nitafute kalamu.

Mimi sijambo, kwa kiasi cha mzee aliyekatazwa kushuka kitandani. Nimehesabu vigae vya ukuta wa mbele mara nne na kila mara napata idadi nyingine. Nimeandika mistari miwili, nimekwenda dirishani, nimerudi, nimesahau nilikuwa nasema nini. Sista wa zamu, ambaye umri wake ni wa mjukuu lakini sauti yake ni ya sajenti, amesema akiniona tena kwenye korido atanifunga kengele shingoni kama mbuzi. Nimemwambia afunge mbili, nitembee na muziki. Hakucheka. Leo hapa hacheki mtu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo chini ya mto. Elimu yangu unaijua, iliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia. Lakini kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikisema neno moja unaweka kumi, la kumi na moja unalia, nami mtu akilia husema lolote ili anyamaze. Karatasi hailii. Basi soma mpaka mwisho, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka kamba.

Tulivyoachana unakumbuka. Uliondoka ukiwa na figo moja, nikabaki na hiyo nyingine, wamenishonea hapa chini kulia, karibu na kinena. Mimi nilidhani wangeng'oa zile zangu mbovu na kuweka yako pale pale, kama tunavyobadilisha koki. Kumbe zile wameziacha zilipo, mgeni wakamtafutia chumba chake. Nikamwambia daktari kwamba miaka arobaini ya ufundi bomba, ningefanya kazi hivyo kwenye nyumba ya mtu wangenifungulia mbwa. Akafikiri kwanza, kisha akasema huenda ni kweli. Daktari huyu tunamwita Polepole. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana.

Nikatolewa mpira wa kupitishia maji ya kidonda, nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki mbili za kwanza, Siafu, nilikojoa kama mfalme! Mtu aliyekaa miaka mitatu anasafishwa damu kwenye mashine anajua raha ya choo kuliko raha ya harusi. Nilikuwa nikitoka chooni natangaza. Binti yangu akaniomba nipunguze kutangaza wageni wakiwepo.

Wiki ya tatu mguu wa kulia ukaanza kujaa. Kiatu kikagoma, kisha suruali ikagoma pajani. Hapa chini pakatuna, ukibonyeza panarudi kama mto wa sponji. Chooni nikawa naenda kila nusu saa, nikifika natoa matone yasiyojaza hata bomba la sindano. Nikamwambia binti yangu nimenenepa. Akaniuliza ni mtu gani ananenepa mguu mmoja. Akanileta hapa siku hiyo hiyo.

Damu ikapimwa, kipimo cha figo kikawa kimepanda karibu mara mbili. Polepole akasema ziko sababu kadhaa, na mojawapo ni mwili kuikataa figo. Alitaja nyingine, lakini binti yangu hakuzisikia. Alikuwa ameshatoka nje, yuko kwenye korido anakupigia simu.

Nawe ukalichukua lile moja ukalitandika ukalilalia. Naambiwa umefunika cherehani kwa shuka, sare za wanafunzi ziko mezani hazijakatwa. Naambiwa unasema figo yako ilikuwa ya kizee, kwamba ulinipa kitu kilichochoka, kwamba ungemwachia mtu mwingine anipe. Umemtuma binti yangu aniombe radhi. Wewe, uniombe mimi radhi! Wiki mbili sasa nimelibeba neno hilo humu kitandani nageuka nalo, na ndiyo maana shuka zangu zinang'oka kila asubuhi.

Sasa sikiliza kilichoonekana. Walinipaka ute wa baridi tumboni, wakanipitisha kile kifaa cha ultrasaundi. Kwenye skrini palitokea dimbwi jeusi, kubwa kama papai, limekaa kati ya figo na kibofu, limeukalia ule mrija unaoteremsha mkojo. Figo inatengeneza mkojo wake vizuri tu, lakini njia imebanwa, mkojo unarudi nyuma. Na mshipa unaotoa damu mguuni umebanwa vilevile, ndiyo maana mguu umevimba.

Mimi nikatoa hukumu papo hapo: kiungo kimelegea, mkojo unavuja. Polepole akasema huenda, na huenda siyo, na kwamba yeye hahukumu maji kwa macho. Akachoma sindano ndefu huku akiangalia skrini, akavuta maji, safi, yana umanjano wa mbali. Yakapelekwa maabara pamoja na damu yangu. Alinieleza kwamba yangekuwa mkojo, ule uchafu wa damu ambao figo huuchuja ungekutwa humo mwingi mara nyingi kuliko kwenye damu. Majibu yakaja: umelingana na wa kwenye damu, na humo mmejaa chembe nyeupe. Basi si mkojo, ni limfu. Kumbe mwilini, pembeni ya mabomba ya damu, kuna vijibomba vingine vyembamba kama uzi vinavyopitisha maji hayo, na wakati wa kunishonea figo baadhi vilikatwa. Vikavuja polepole, maji yakajitengenezea mfuko.

Wakatoa lita moja kasoro kidogo. Mguu ukapungua, kipimo kikashuka, nikaanza tena kutangaza. Baada ya siku kumi mfuko ukajaa upya. Kuna dawa ya kumwagia ndani ili kuta za mfuko zishikane, lakini Polepole hakuipenda kwa kuwa figo na ule mrija viko jirani mno. Kwa hiyo kesho saa tatu naingia chumba cha upasuaji. Watapitisha kamera kwa vitundu vidogo, wakate dirisha kutoka kwenye huo mfuko kuingia ndani ya tumbo, na tumbo litayanywa hayo maji lenyewe kila siku. Nilimuuliza kama hilo tumbo halitajaa. Akasema tumbo lina kazi hiyo tangu nizaliwe. Ni ufundi mzuri, nakiri. Ningekuwa na mtaro kama huo nisingezibua mifereji mvuani.

Nimesimama tena. Nimefika mlangoni, sajenti ameniona, nimerudi. Sasa sina pa kukimbilia, nitaandika.

Pale kitanda cha pili, mara ile ya kwanza, alikuwa Mwalimu. Mwalimu mkuu mstaafu, figo kapewa na mkewe, kapasuliwa siku moja baada yangu. Kila mmoja wetu alikuwa na mpira mwembamba ubavuni unaoteremka kwenye kichupa cha plastiki, na kila asubuhi sista alikuwa akipima maji ya usiku kucha na kuyaandika kwenye kadi. Yakipungua chini ya mililita hamsini, mpira unatolewa, mtu anakwenda kwake. Mwalimu alikuwa akisoma kichupa chake kwa sauti, kama anayesoma matokeo ya mtihani. Tisini! Kisha ananigeukia: na wewe Fundi? Mimi mia na sabini. Anatikisa kichwa, anasema wapo wanafunzi ambao hata ukiwarudisha darasa hawabadiliki.

Ungekuwa wewe ungenyamaza? Siku ya tano nikaamka mapema kuliko sista, nikaingia chooni na kichupa changu, nikakifungua kama nilivyomwona yeye akifungua, nikamwaga zaidi ya nusu. Kadi ikaandikwa sabini na tano. Mwalimu akakunja uso. Siku ya sita nikamwaga, ikaandikwa hamsini na tano. Siku ya saba ikaandikwa thelathini. Sista akanisifu. Mpira ukatolewa mchana, nikampungia Mwalimu mkono kutoka kwenye kiti cha magurudumu, naye amebaki na kichupa chake.

Ndiyo hivyo, Siafu. Maji yalikuwa bado yanakuja, nami nikaufunga mlango yaliokuwa yakitokea, kwa kushindana na mtu nisiyemjua hata jina. Nilijua maana ya maji yanapokosa njia, hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Niliijua na nikamwaga. Na ulipoanza kusema figo yako mbovu nilinyamaza, wiki mbili, nikaacha ulie.

Leo alfajiri nimewaambia. Sista aliyeandika ile kadi ndiye huyu huyu sajenti. Hakunifokea. Alisema tu, Babu, umenifanya niandike uongo kwa mkono wangu, akaenda kurekebisha faili, na tangu hapo hajaniita Babu, ananiita mgonjwa. Polepole alifikiri mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema mfuko kama huu huwatokea hata waliopimwa kwa uaminifu, na kwamba hawezi kuapa kuwa ni kwa ajili yangu. Mimi siuchukui mlango huo. Wala wewe usinipitishe humo ukinihurumia.

Halafu akanipaka ule ute kwa vipimo vya mwisho kabla ya kesho, na safari hii akaigeuza skrini upande wangu. Akaiweka kwenye rangi. Nimeiona figo yako, mdogo wangu. Iko pembeni ya lile dimbwi, imesukumwa, imebanwa, na damu inaingia nyekundu na kutoka ya buluu, kila pigo la moyo, bila kuruka hata moja. Polepole akasema, bila hata kufikiri, kwamba haijakataliwa wala haijachoka, na kwamba katika umri wako amezikuta chache za namna ile.

Tangu tunakua nimekutania meno, mwendo, upishi na mume. Sikumbuki kama nimewahi kukusifu kitu. Basi leo nakuambia: ni nzuri. Ni nzuri kabisa, Siafu, na ni mimi niliyeitesa.

Barua hii anakuletea binti yangu jioni, naye hajui kilichomo. Ukitaka kumsomea, msomee. Msalimie Shemeji, wasalimie watoto na wale wote wanaoniulizia kwa nia njema, na hata wale wenye nia nyingine. Kesho mchana nikizinduka nitakupigia. Siombi uniambie neno lolote. Pokea tu, nikusikie ukipumua.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Koki