Kadi Isiyomwamkia Mwenye Nyumba

Shikamoo dada Paulina,

Katesh kuna upepo wa kung'oa kilemba. Nimeupeleka mkanda wa video ya harusi yetu kwa fundi wa kompyuta. Sauti ya marehemu mume wangu haipo kwingine. Kadi ya kuusomea, kile kibao kinachochomekwa ndani ya mashine, inaelewana na kompyuta za zamani tu, basi fundi ameunda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yake, akaikabidhi kadi hiyo. Kadi huweka picha moja kwa moja kwenye kumbukumbu, ghala la mashine, bila kupitia kwa prosesa, bosi wa mashine hiyo.

"Inaingia ghalani bila kumwamkia mwenye nyumba?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana ina kasi."

"Haina malezi!"

Picha zikagoma. Kumbe kadi ilipewa anwani za ghala la kompyuta ya kuigiza, ikazitafuta kwenye ghala la kompyuta halisi. Nikaanza kulia. Fundi akawasha mlinzi wa ndani ya mashine anayetafsiri anwani na kuizuia kadi isiguse ghala la mwingine.

Mara Baba Neema huyo kwenye skrini, mdomo umejaa makande, anamfukuza mpiga picha: "Ngoja nimeze kwanza, bwana!"

Nimecheka mpaka fundi kaniletea maji. Ota moto, dada yangu; nakuja na sauti yake mkobani.

Mdogo wako,
Mama Neema